Pengo Kwenye Ukuta wa Loji

Faili lilipofunguka, loji nzima ilikuwa imevunjika.

Paa la jengo la chakula lilikuwa na matundu. Kuta zilikaribiana bila kugusana, kona baada ya kona, na kati yake ulionekana ufa mwembamba. Nyuso nyingine zilikuwa zimegeuka, za ndani zikatazama nje, kwa hiyo ukiusogelea ukuta unakuta weusi mtupu. Ngazi ya kibaraza ilikuwa imerushwa mbali na majengo yote, inaelea peke yake. Witness aliizungusha modeli kwenye kioo cha kompyuta yake, akaegemea kiti na kufumba macho kidogo.

"Nini tena?" Lazaro, mume wake, aliuliza kutoka kwenye kochi.

"Faili la Parsimei. Limeingia bovu."

"Mwambie atume zima."

"Kwake ni zima. Linavunjika likiingia kwangu."

Lazaro hakuelewa, na hakutaka kuelewa. Tangu kampuni aliyokuwa akiiendeshea watalii iuze magari yake alikuwa anashinda nyumbani, na kila alipomuuliza mkewe habari za kazi, swali lilikuja na kijembe ndani. Zamani yeye ndiye aliyekuwa akiondoka alfajiri kupeleka wageni kreta kuona wanyama, na mkewe akibaki na kompyuta yake kama mtu aliyebaki na kufuma vitambaa. Sasa chakula cha nyumba ile, ada ya mtoto wao Selina na dawa za presha za mama yake Lazaro vyote vilitoka kwenye hicho kitambaa.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Parsimei alikuwa msanifu majengo mwenye ofisi Arusha. Ofisi yake ilichora ramani kwa programu moja. Witness, hapa Karatu, alikuwa na programu nyingine ya kutengeneza modeli, ile inayotoa picha ambayo mteja akiiangalia anadhani jengo limeshasimama na jua linaliwakia. Mchoro ulipovuka kutoka programu moja kwenda nyingine, vitu viliumia njiani. Mistari iliyokutana ikaachana. Ukuta mmoja ukawa kuta mbili zilizolaliana. Maandishi yakageuka vijisanduku vitupu. Programu yake haikubali kusimamisha ukuta ambao mstari wake haujafungwa. Inaandika kosa kwa rangi nyekundu na kugoma. Kwa hiyo kabla ya kupanda mti hata mmoja wa mapambo, ilimbidi Witness azibe nyufa, ageuze nyuso, afute vilivyorudiwa, arudishe vilivyotupwa mbali. Mteja haoni hata chembe ya kazi hiyo. Mteja anaona picha.

"Bado unashona?" aliuliza Leonida, mama yake Lazaro, alipoingia akijifuta mikono kwa khanga. Alikuwa ametoka kumshusha punda madumu ya maji uani. Tangu siku Witness alipomwonyesha jinsi nyufa zinavyozibwa, mama huyo aliiita kazi hiyo kushona, na hakukuwa na mtu mwingine katika nyumba ile aliyeipa jina.

"Bado, mama. Leo limechanika vibaya."

"Ndiyo ile hoteli ya huku kwetu juu?"

"Ndiyo hiyo."

Leonida akatazama kioo kwa heshima, kama anavyotazamwa mgeni, akaenda jikoni.

*

Nyufa ndogo Witness alizimaliza kwa amri moja. Programu ilikuwa na uwezo huo: unaiambia upana wa ufa unaohesabika kuwa kosa, nayo inaziba zote zilizo chini ya hapo. Paa likatulia. Vyumba vya wageni vikajifunga. Ngazi akairudisha kwa mkono mahali pake.

Kilichobaki kikigoma ni ukuta wa uzio. Aliufuata mstari wake polepole kuzunguka kiwanja, na upande mmoja, baada ya mahali palipoandikwa kuwa ni jenereta, akakuta pengo. Halikuwa ufa. Lilikuwa pana kiasi cha kupitisha gari dogo, na ncha zake mbili zilikuwa zimekatwa sawasawa, kama vile zimekatwa na mtu aliyejua anachofanya. Kando yake palikuwa na msururu wa vijisanduku vitupu. Mtu alikuwa ameandika kitu pale, na maneno yake yalikuwa yamefia njiani.

Akampigia Parsimei.

"Kaka, kwenye uzio kuna pengo. Ni geti?"

"Geti liko mbele, dada. Geti ni moja."

"Hili liko nyuma ya jenereta. Na kuna maandishi hapo, kwangu hayasomeki. Yanasemaje?"

"Niko njiani, sina kompyuta hapa." Sauti ya upepo ilikuwa inapiga kwenye simu. "Modeli inakubali?"

"Inakataa. Inataka mstari ufungwe."

"Basi funga. Mteja anataka kuona ukuta umezunguka, wageni wake wanaogopa tembo. Na picha anazihitaji kesho. Dada Witness, tusianze kuulizana kila jiwe."

"Sawa, kaka."

Wazo la njia ya chemchemi lilimpitia. Alijua kiwanja kile kiko juu ya kitongoji chao, chini kidogo ya msitu, na kwamba chemchemi ambayo kina mama wa pale walichota maji tangu hajaolewa imo pembeni mwa kiwanja, ndani ya bonde dogo lenye migomba. Lakini katika faili hapakuwa na kitongoji, wala bonde, wala migomba. Kulikuwa na majengo juu ya weupe. Hata mshale wa kaskazini ulikuwa umepotea. Angeweza kutafuta picha ya eneo iliyopigwa kutoka angani, ailaze chini ya mchoro na kulinganisha. Ingemchukua asubuhi yake yote. Angeweza pia kumngoja Parsimei afike ofisini. Lakini Parsimei alikuwa na wachoraji wengine Arusha, vijana wasiouliza maswali, na hilo alikuwa ameshamkumbusha zaidi ya mara moja.

Akabonyeza ncha ya kwanza, akabonyeza ya pili. Rangi nyekundu ikatoweka. Ukuta ukasimama wote kwa mpigo, mzuri, wa mawe, na yeye akaanza kuupandia maua.

*

Picha zilionyeshwa kwenye ukumbi wa kanisa, kwa sababu ofisi ya kijiji ni ndogo. Meneja wa mradi, dada mmoja mpole aliyeitwa Eva, alikuja na mashine ya kutupia picha ukutani na soda za kila mtu. Kila picha ilipobadilika ukumbi uliguna kwa raha. Paa za nyasi, bwawa la kuogelea, wageni wa kizungu wa kuchorwa wameshika glasi, na nyuma yao msitu wa kijani wenye ukungu.

"Njia yetu ya maji ipo?" aliuliza Mzee Raphaeli, mwenyekiti wa kitongoji. Aliuliza kwa kutimiza wajibu.

"Mzee, hayo tulishakubaliana tangu mwanzo," Eva alisema. "Kila kitu kitakuwa kama kilivyo kwenye mchoro."

Mzee Raphaeli akatikisa kichwa kuridhika. Hakuna aliyesema, hebu turudishe ile picha ya ukuta. Ni nani angesema? Wengi wao hawakuwahi kukiona kitongoji chao kutoka juu, na ukuta wenyewe ulikuwa umejaa maua ya zambarau.

Ndipo Leonida akasimama. Alikuwa amevaa kitenge cha Krismasi.

"Mimi nina neno moja tu. Hizo picha mnazoziona zimetengenezwa nyumbani kwangu. Ni huyu mkwe wangu, Mama Selina. Alikuja kwetu kutoka Nainokanoka, wengine mkaniuliza mtoto wa wafugaji atajua nini. Haya."

Watu wakacheka, wakapiga makofi, na mtu mmoja akapiga kigelegele. Witness aliinamisha uso. Alifurahi, ilikuwa mara yake ya kwanza kupigiwa makofi na watu wa pale. Alipouinua tena, picha ya ukuta ilikuwa inapita, na macho yake yakatafuta mahali lilipokuwa pengo. Baada ya mkutano Mzee Raphaeli aliweka sahihi nyuma ya nakala za picha hizo zilizochapishwa, na Eva akamshika Lazaro mkono na kumwambia kwamba mradi utahitaji dereva wa lori, na kwamba angefurahi ajira zikiwanufaisha wenyeji kwanza.

Njiani kurudi nyumbani Lazaro alimbeba Selina mabegani na kuimba. Witness hakuwa amemsikia akiimba tangu magari ya kampuni yauzwe.

*

Ukuta ulianzia upande wa barabara, ukazunguka taratibu. Lazaro ndiye aliyepakia mawe kule machimboni na kuyaleta. Alirudi nyumbani jioni na vumbi jekundu kwenye nyusi, amechoka uchovu wa mtu mwenye kazi, na akawa anauliza habari za siku bila kijembe.

Asubuhi moja Leonida aliondoka na punda kama kawaida, akarudi mapema mno. Witness alisikia madumu yakigonganagongana uani na kujua kwamba ni matupu.

"Mama, kulikoni?"

"Wamefunga."

"Wamefunga nini?"

"Njia. Jana jioni jirani yetu Angelina amepita. Leo kuna mawe." Leonida alikaa kwenye kigoda bila kumfungua punda. "Nimewauliza wale mafundi, njia iko wapi? Wananiambia, bibi, sisi tunafuata ramani. Nimewaambia ramani tumeiona wote, ilikuwa na njia. Wakanionyesha ramani yao, ni zile picha za kanisani. Haina."

Witness aliingia ndani, akafungua kompyuta na kulitafuta faili la kwanza, lile bovu, kama lilivyokuja kabla hajaligusa. Pengo lilikuwepo. Safari hii alilaza chini yake picha ya eneo kutoka angani, kazi ileile aliyoikwepa. Mstari mwembamba wa vumbi ulitoka kwenye nyumba za kitongoji, ukapanda kati ya mashamba ya mbaazi, ukaingia katikati ya lile pengo kabisa, na kushuka bondeni kwenye migomba.

Lazaro alipofika mchana kula, alimkuta bado amekaa pale. Akamweleza. Lazaro alisikiliza amesimama, akafunga mlango wa kuelekea uani alikokuwa mama yake.

"Nani mwingine anajua?"

"Parsimei."

"Parsimei atanyamaza. Na wewe nyamaza."

"Watu wanakosa maji, Baba Selina."

"Watapewa njia nyingine. Hawa ni wawekezaji, hawawezi kuacha watu wafe kiu, wana sifa zao za kulinda. Raphaeli ataenda kuongea nao." Akashusha sauti. "Mawe ya pale nimeyaleta mimi. Unataka niende nikamwambie Eva kwamba mke wangu alikosea, bomoeni? Nimekaa kwenye hili kochi mpaka nikachukia sauti ya mlango. Usinirudishe hapo."

Hakula. Alichukua kofia yake akatoka.

*

Mzee Raphaeli alikwenda kuongea nao. Alivaa koti, akachukua wazee wawili wa kumsindikiza. Eva aliwapokea vizuri, akawapa viti na chai, akawawekea mezani picha zilezile, na akaigeuza ile ya ukuta ili mzee aione sahihi yake mwenyewe.

"Mzee wangu, sisi tumejenga mlichokikubali."

"Lakini tulisema njia ibaki."

"Tulikubaliana iwe kama ilivyo kwenye mchoro. Nionyeshe kwenye mchoro."

Mzee Raphaeli alivaa miwani, akaitafuta njia kati ya maua ya zambarau hadi chai ikapoa. Wazee waliomsindikiza walitazama pembeni. Aliporudi kitongojini hakusema mengi. Alisema tu kwamba kosa liko kwenye mchoro. Na mchoro kila mtu alijua umetengenezwa wapi. Walikuwa wameambiwa ukumbini, wakapiga makofi.

Kwenye mashine ya kusaga, kina mama walinyamaza Leonida alipofika na debe lake la mahindi. Aliwasalimu kwa Kiiraqw, lugha yao, wakaitikia kwa mdomo tu. Angelina, jirani yake wa miaka yote, ambaye walikuwa wamezikiana wafu na kuuguziana wagonjwa, ndiye aliyeanza.

"Mama Lazaro, sisi tumepata ukuta. Ninyi mmepata kazi ya lori."

"Angelina, usiniseme hivyo."

"Nisemeje? Mwanao analeta mawe, mkwe wako anachora pa kuyaweka. Wewe ulisimama kanisani ukatutangazia."

Leonida aliliacha debe pale pale kwenye foleni akarudi nyumbani mikono mitupu. Maji sasa waliyafuata mtoni, kwenye bonde la upande wa pili, kwa njia ya kushuka na kupanda ambayo mama mwenye presha hupumzika kila kona. Na maji yenyewe ng'ombe walikuwa wameshayapitia. Bomba la mji lilitoka kwa kujisikia.

Alimkuta Witness anaanua nguo.

"Mama Selina, nikuulize kitu. Unijibu mimi, si Lazaro."

"Niulize, mama."

"Wakati unashona. Hiyo nafasi ya njia uliiona?"

Witness alishikilia shuka iliyokuwa mkononi mwake. Angeweza kusema kwamba maandishi yalipotea, kwamba alipiga simu, kwamba programu ilikataa. Yote yalikuwa kweli.

"Niliiona," alisema.

"Ukajua ni nini?"

"Sikujua. Nilihisi."

Leonida aliokota vibanio vya nguo vilivyodondoka chini, akaviweka kwenye ndoo kimoja kimoja, akaingia ndani. Siku ile hakula na wenzake mezani, na tangu siku ile hakumwita tena Mama Selina. Alimwita kwa kutomwita.

*

Mkutano wa pili haukuwa na soda. Witness alikwenda na kompyuta yake kwenye begi la shule la Selina. Asubuhi alikuwa amemwambia Lazaro kwamba anakwenda, na Lazaro alikuwa amemjibu, "Ukienda, umeniua," akawasha lori na kuondoka. Lakini saa ya mkutano alikuwepo, amesimama nje ya dirisha la ukumbi, kwa sababu dereva wa mradi hangeweza kukaa na wananchi wala na meneja.

Witness alisimama mbele. Hakuwa na mashine ya kutupia picha ukutani, kwa hiyo aliigeuza kompyuta kuwaelekea, na waliokuwa nyuma wakainuka kuchungulia.

"Hili ni faili kama lilivyotoka Arusha," alisema. "Ukuta una nafasi. Hapa. Mchoraji aliiacha, na aliandika maneno, ila maneno yalipotea faili lilipoingia kwangu. Nilimpigia msanifu nikamuuliza. Akaniambia nifunge. Nikafunga."

Eva alichukua simu yake.

"Dada Witness," Eva alisema, bila hasira yoyote, "tumpigie basi tumsikie."

Simu ikawekwa sauti ya juu katikati ya meza. Parsimei aliitikia kwa uchangamfu, uchangamfu ukapungua kadiri Eva alivyoeleza.

"Sikumbuki kusema hivyo," alisema. "Huwa naongea na watu wengi. Kwetu mchoro ulikuwa na nafasi, na bado unayo, ninaweza kuwatumia. Kurekebisha faili likivunjika ni kazi ya mtengeneza modeli. Ndiyo kazi tunayompa."

"Kaka Parsimei, nilikuuliza. Ulikuwa njiani."

"Huenda uliniuliza, dada. Lakini aliyefunga ni nani?"

Mtu mmoja nyuma alicheka kicheko kifupi. Eva alikata simu kwa upole.

"Basi angalau tumejua," alisema. "Si kampuni, wala si msanifu, wala si mzee wetu mwenyekiti. Ni bahati mbaya ya kiufundi. Tunamshukuru dada kwa ukweli wake, ni watu wachache ambao wangesimama. Kubomoa ukuta haiwezekani. Umeshakaguliwa, na wanyama wanapita. Ila mimi kama mama ninajua shida ya maji. Nitaomba tuwawekee geti dogo la waenda kwa miguu, litakuwa na mlinzi, litafunguliwa asubuhi. Tutawaomba tu msipite wageni wakiwa bwawani."

"Ilikuwa njia yetu," alisema Mzee Raphaeli.

"Na itakuwa njia yenu, mzee. Na geti juu yake."

Watu walitazamana. Wengine walipiga makofi machache, ya watu wasiojua kama wamepewa au wamenyang'anywa. Angelina alipita mbele ya Witness akitoka. Witness alitegemea neno. Hata tusi lingemtosha.

"Ungeyasema haya kabla hatujapiga makofi," Angelina alisema, na kuendelea na safari yake.

Nje, Lazaro alikuwa ameshaondoka dirishani. Mwisho wa wiki aliambiwa kwamba mawe yametosha. Mawe hayakuwa yametosha. Kesho yake lori lilipita mbele ya nyumba yao likiendeshwa na mtu mwingine, na Lazaro, akiwa kibarazani, alilitazama hadi likapotea kwenye vumbi lake. Hakumlaumu mkewe. Angemlaumu, wangeweza kugombana, na baada ya ugomvi pengine kuongea. Alirudi kwenye kochi.

Parsimei hakutuma tena faili. Witness aliandika kwa ofisi nyingine za Arusha na Moshi, akaweka mifano ya kazi zake. Ofisi moja ilimjibu kwa kumsifia sana zile picha za loji ya Karatu, hasa ukuta wa mawe, na kumwambia watamkumbuka.

*

Geti lilifunguliwa asubuhi ya baridi, ukungu umeshuka kutoka msituni hadi kwenye mbaazi. Kina mama walijipanga kando ya ukuta, na punda zao wakiwa wamefungwa madumu pande zote mbili. Witness alikuwa amekuja pia. Hakuna aliyemwita na hakuna aliyemfukuza. Alisimama nyuma ya Leonida, hatua chache, mahali anaposimama mtu asiye na uhakika kama yuko kwenye foleni.

Mlinzi, kijana mgeni mwenye koti la mvua jipya, alizungusha ufunguo na kuvuta mlango wa chuma. Leonida ndiye aliyekuwa wa kwanza. Alimvuta punda wake. Kichwa kikaingia, shingo ikaingia, halafu madumu yakagonga nguzo za chuma kulia na kushoto kwa wakati mmoja. Punda akasimama. Leonida akamvuta tena, akamsukuma kwa nyuma, akamgeuza kidogo ubavu. Madumu yaligonga tena.

"Bibi, halipitishi punda na mzigo," mlinzi alisema. "Ni la waenda kwa miguu. Mfungue mizigo, yeye abaki nje."

"Na maji yakishajaa?"

"Mtayatoa kwa mkono hadi hapa. Ndivyo nilivyoelekezwa."

Nyuma kabisa mtu alianza kufungua kamba za punda wake bila kusema lolote, na mwingine akafuata, na muda si muda ukuta mzima ulikuwa na wanawake walioinama wanafungua mafundo yaliyolowa umande. Leonida hakuinama. Aliweka kiganja kwenye nguzo moja ya geti, akanyoosha mkono mwingine hadi kwenye nguzo ya pili, akapima upana wake kwa mikono yake miwili. Viwiko vyake havikunyooka.

"Hili nani kalichora?" aliuliza, bila kugeuka.

Ilikuwa mara yake ya kwanza kusema na Witness tangu siku ya nguo.

"Si mimi, mama," Witness alisema. "Hawakunipa."

"Najua si wewe." Leonida alivuta fundo la kamba, dumu moja likashuka kwenye matope. "Wewe ungepiga simu kwanza ukauliza, halafu ndiyo ukalibana."

Akasogeza dumu kwa mguu kumwelekea.

"Beba."

Witness aliliinua dumu, akajipinda ubavu, akapita.